Kwa nini wazee wetu walijenga juu ya uwanda usio na mto? Vijiji vya Newala, Mahuta, Tandahimba na jirani zao

#1 Mwana Uwanda

Habari za jioni wanajukwaa.

Anayetoka Mtwara mjini kwenda Newala kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba hupita kijiji baada ya kijiji, na kati ya kijiji na kijiji huona mikorosho, mihogo na mbaazi, lakini mto wa kutiririka mwaka mzima hauoni. Kusini, chini ya ukingo, upo Ruvuma. Kaskazini lipo bonde la Lukuledi. Hata hivyo watu wamejaa huku juu ya uwanda wa Makonde, kwenye mchanga unaokunywa mvua yote, na walikuwa hapa kabla Mjerumani hajafika. Mtu akisimama pale Shimo la Mungu, Newala, anaona bonde zima likiwa wazi chini yake, na hana budi kujiuliza kwa nini wazee waliliacha.

Hoja yangu ni kwamba waliliacha kwa hofu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Lindi, Mikindani na Kilwa, na baadaye wakaja Wangoni, ambao kwetu walijulikana kama Magwangwara. Mabonde ndiyo yaliyokuwa njia zao. Vichaka vya uwandani, ambavyo mgeni hakuweza kuvipita bila kuonyeshwa njia, vilikuwa boma tosha. Hatari ilipokwisha watu walikwishazoea, na vijiji vikaendelea kukua palepale. Mwenye maelezo mengine ayalete, ila yaje na ushahidi.

#2 Binti Mahuta

Asante kwa uzi huu. Sikatai kwamba hofu ilikuwepo, lakini si vyema kuiruka simulizi yetu wenyewe.

Wazee wanasimulia kwamba Mmakonde wa kwanza alitoka kwenye pori la Mahuta akiwa hajawahi kuoga wala kunyoa, akachonga umbo la mtu kwa mti, akalisimamisha nyumbani kwake, na usiku umbo lile likawa mwanamke. Walishuka pamoja hadi Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa amekufa. Waliporudi juu Mahuta ndipo wa tatu akaishi. Baba yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti, na nyumba zao ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa nzima au zaidi. Wamisionari wa Kijerumani waliiandika simulizi hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kwa hiyo wazee wenyewe walitaja afya ya watoto, hawakutaja Magwangwara. Mabondeni kuna mbu, na mtu hakuhitaji darubini kutambua kwamba watoto wa kule walikuwa wakifa zaidi. Lakini naomba tusisahau jambo moja: aliyeutoa wosia ule hakuwa yeye wa kubeba mtungi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiondoka kabla ya alfajiri na wenzake kwenda chemchemi za ukingoni, na walikwenda kwa kundi kwa kuogopa chui. Nyumbani kwake maji ya kunawia uso hayakumwagwa. Yalifuliwa nepi za mtoto, na yaliyobaki baada ya nepi yalimwagiwa mche wa mpapai. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, naye aliona jinsi wanawake walivyohangaikia maji umbali mrefu.

#3 Fundi Udongo

Hofu ya namba 1 na wosia wa namba 2 vyote vinamfikisha mtu juu, ila havielezi alikula nini baada ya kufika, na watu hawakai vizazi kadhaa mahali wasipovuna.

Tutenganishe mto na mvua. Mmea unahitaji mvua, na uwanda huu unapata mvua nzuri kuliko nchi tambarare inayouzunguka, kwa sababu unainuka hadi kukaribia mita 900 upande wa magharibi na kuzuia upepo wa bahari wenye unyevu. Mwaka wa kawaida Newala hupata milimita 1,000 au zaidi. Udongo wake ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu, mlaini kwa jembe la mkono, na muhogo unaupenda sana. Udongo mzito wa mabondeni hutuama maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kwa mtu mwenye jembe moja ni kazi nzito.

Mchanga huo ndio unaotunyima mito. Mvua hupenya moja kwa moja hadi tabaka gumu lililo chini kabisa, kisha maji hutokea kama chemchemi kwenye kingo na katika mabonde kama la Kitangari. Chakula kilikuwa juu na maji yalikuwa chini. Wazee walichagua kubeba maji kupandisha, maana kubeba mavuno ya mwaka mzima kulikuwa kugumu zaidi.

#4 Binti Mahuta

Ndugu Fundi Udongo, maelezo yako ni mazuri, ila naomba usiseme "wazee walichagua kubeba maji". Waliochagua na waliobeba hawakuwa watu wale wale.

#5 Mzee wa Luagala

Nawasalimu wote. Binti Mahuta amesema kweli, na naomba vijana wasome mara mbili alichoandika.

Nataka kurekebisha picha ambayo Mwana Uwanda ameichora, kana kwamba watu walikuja kwa mkupuo mmoja wakajificha. Uwanda ulijazwa kidogo kidogo. Mtu aliyegombana na ndugu zake, au aliyeona mashamba yamechoka, aliondoka na dada zake na wapwa zake, kwa kuwa kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, akafyeka pori lisilo na mwenyewe na kuanzisha chilambo chake, yaani eneo la ukoo wake. Yeye akawa mkulungwa, yaani mkuu wa pale. Waliomfuata baadaye walimwomba ardhi, na wapwa wake wakikua, mmoja wao naye aliondoka kwenda kufyeka mbele zaidi. Hatukuwa na mfalme wa Wamakonde wote, na ndiyo maana Wajerumani walituletea maakida na majumbe, na Waingereza waliowafuata wakapata taabu ya kutafuta machifu ambao hawakuwepo.

Kuhusu vichaka kuwa boma, ni kweli, lakini angalieni vilimlinda nani. Hapa Luagala ndipo alipokuwa na ngome yake Machemba, Myao, mfanyabiashara mwenye bunduki. Mwaka 1890 alimwandikia Hermann von Wissmann, mkuu wa Wajerumani pwani, barua ya Kiswahili akikataa kwenda pwani kumtii Mjerumani, na majeshi yaliyotumwa kumkamata yalipata tabu ndani ya vichaka hivyo hivyo, hadi mwaka 1899 alipovuka kwenda upande wa Wareno. Kichaka kilimficha mnyonge, na kilimficha pia mwenye nguvu aliyeweza kumkamata mnyonge yule.

#6 Mikindani Kwetu

Watani zetu wa juu, salamu kutoka pwani, ambako maji tunayaona kila tukifungua dirisha.

Hakuna aliyetaja biashara mpaka sasa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mpira wa mwituni kutoka uwanda wa Makonde ulikuwa bidhaa kubwa katika bandari zetu za Lindi na Mikindani, na sandarusi nayo ilichimbwa. Mpira ule ulitoka kwenye mitambaazi ya vichakani, na anayegema mitambaazi hawezi kukaa katika kijiji kikubwa chenye watu mia tano, bali hukaa familia tatu nne kila sehemu. Vitongoji vilivyotawanyika vilifuata utomvu. Walipata vitambaa, chumvi na baruti bila kuhama.

Tena msisahau kwamba Magwangwara waliiteketeza Newala mwaka 1882, kwa hiyo uwanda haukuwa salama kama Mwana Uwanda anavyodhani.

#7 Mwalimu wa Zamu

Naomba nirekebishe hapo, ndugu wa Mikindani. Kilichovamiwa mwaka 1882 ni Masasi. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana ya UMCA, aliyetoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa. Nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi bara, lakini walipoona Masasi pana maji na ardhi nzuri chini ya milima ya mawe, wakabaki. Baada ya uvamizi, mmisionari Chauncy Maples alihamishia kazi yake Newala, jirani na Matola, mkuu wa Wayao wa hapo.

Tukio hilo linaipa nguvu hoja ya namba 1, kwa kuwa waliopigwa bondeni walikimbilia juu. Hata hivyo linaidhoofisha kwa upande mwingine: Masasi, iliyo tambarare na iliyochomwa, haikufa. Watu walirudi, na leo ni mji mkubwa. Kama hofu ingekuwa ndiyo sababu pekee, Masasi ingebaki pori.

#8 Mikindani Kwetu

Ufafanuzi umepokelewa, Mwalimu. Hoja ya mpira bado haijajibiwa na mtu.

#9 Fundi Udongo

Nitaijibu mimi. Biashara ya mpira inaeleza kwa nini vitongoji vilitawanyika katika kipindi fulani, lakini haielezi kwa nini vilibaki vimetawanyika baada ya mpira wa mashambani wa Asia kuua soko la mpira wa mwituni mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha kuhamahama kinaeleza vipindi vyote viwili: mchanga huchoka baada ya misimu michache, shamba huachwa kichaka kirudi, na mwenye shamba husogea.

#10 Ng'ambo ya Ruvuma

Habari zenu. Ukoo wetu umetoka Mueda, Msumbiji, na nimeshangaa kwamba mpaka sasa mnajadili kana kwamba mto Ruvuma ni ukuta.

Uwanda wa Mueda uko hivi hivi: uko juu, una mchanga na vichaka, hauna mito, na Wamakonde wamejaa juu yake huku mabonde yakiwa na watu wachache. Maelezo yoyote yanayofaa Newala ni lazima yafae na Mueda. Wazee wetu wanasema asili yetu ni Ndonde, upande wa makutano ya Lugenda na Ruvuma karibu na Negomano, na kwamba kutoka huko wengine walipanda uwanda wa kusini na wengine wa kaskazini. Mkiikubali simulizi hiyo, basi watu walikuwa na tabia ya kutafuta nchi ya juu tangu mwanzo, na waliipata mara mbili.

Kuhusu kukua kwa vijiji, msiwahesabu wazawa wa hapo tu. Babu yangu alivuka kukimbia shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, za Mreno, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya upande wa Lindi, kisha akaomba ardhi kwa mkulungwa mmoja huku juu. Vita vya FRELIMO vya kumwondoa Mreno Msumbiji vilipoanza Septemba 1964 walivuka wengine wengi. Serikali iliwatengea baadhi makazi ya wakimbizi, kama yale ya Rutamba kule Lindi, lakini wengi walipokelewa na jamaa zao vijijini. Katika kijiji nilichozaliwa kuna upande mzima ulioanzishwa na watu wa namna hiyo, na wajukuu wao leo ni wenyeviti wa vitongoji.

#11 Mzee wa Luagala

Karibu sana mwanangu. Ulichosema juu ya kuomba ardhi kwa mkulungwa ndivyo ilivyokuwa. Mgeni hakunyimwa, ila alionyeshwa mpaka.

#12 Korosho Kwanza

Nimewasoma wote kwa makini, na nadhani mnaongea sana juu ya kufika na kidogo sana juu ya kukua. Mambo mawili ndiyo yaliyovikuza vijiji hivi: mkorosho na bati.

Mkorosho hauhitaji mto, mizizi yake huenda chini mchangani, na ukishaupanda hauwezi kuuhamisha. Mtu aliyezoea kuacha shamba baada ya misimu michache akajikuta ana mti wa kumzalishia miaka mingi, kwa hiyo akatulia. Fedha ya korosho ikaleta bati, na bati likaleta kisima cha nyumbani. Kwa wasioijua Newala wala Tandahimba: tunachoita kisima si cha kufikia chemchemi. Ni shimo lililochimbwa uani, likajengwa kwa matofali na kupigwa plasta ya saruji, likafunikwa zege na kuachwa mdomo mdogo wenye kifuniko cha bati na kufuli. Mfereji unatoka ukingoni mwa paa na kuingia humo. Mvua ya kwanza haiingizwi, mfereji unageuziwa nje ili uoshe vumbi na majani yaliyokaa juu ya bati tangu kiangazi, na mvua inayofuata ndiyo inayopokelewa. Mwenye kisima kikubwa anafika nacho mbali katika kiangazi, na asiye nacho ananunua kwa dumu.

Vijiji vyenyewe, kama tunavyoviona leo na nyumba zake katika mistari, vilitengenezwa na Operesheni Vijiji mwaka 1974, serikali ilipowahamisha watu na kuwakusanya pamoja. Kabla ya hapo hapakuwa na kijiji, palikuwa na nyumba zilizotawanyika tu.

#13 Mwalimu wa Zamu

Ndugu Korosho Kwanza, maelezo ya kisima ni mazuri sana, lakini mwaka 1974 hautoshi kwa mkoa wetu. Kandokando ya Ruvuma watu walikusanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu za usalama, kwa kuwa vita vya ng'ambo vilikuwa vinavuka mto. Ndiyo sababu Mtwara ilikuwa mbele ya mikoa mingi kwa wingi wa vijiji kabla operesheni ya nchi nzima haijaanza. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilivikuta vijiji vingi vya huku vimekwishasimama.

Wala si kweli kwamba zamani hapakuwa na kijiji. Chilambo alichokieleza Mzee kilikuwa na mipaka, uongozi na jina. Nyumba zilikuwa mbalimbali, jumuiya ilikuwepo.

#14 Binti Mahuta

Naongeza juu ya operesheni. Kwetu watu walihamishwa kutoka kwenye mikorosho yao wakapangwa barabarani, na mashamba yakabaki mbali. Mama alikuwa akisema kwamba mwaka ule korosho ziliokotwa na nguruwe. Zao la nchi nzima lilifikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 lilishuka chini ya tani 20,000. Atakayesema kuhamishwa hakukuhusika anieleze ni nini kilichohusika.

#15 Korosho Kwanza

Kilichohusika, dada yangu, ni ubwiriunga. Ugonjwa huu wa ukungu mweupe kwenye maua uliingia katika miaka ya 1970, na hata mwenye shamba lililokuwa mlangoni pake alivuna maua yaliyokauka. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa ndogo mno. Mavuno yalirudi watafiti wa Naliendele wa kilimo walipoeneza matumizi ya salfa na miche bora, wakati watu wakiwa bado wanaishi kwenye vijiji vile vile vya barabarani. Kama umbali ungekuwa ndio uliotuua, tusingefufuka bila kurudi tulikotoka.

#16 Binti Mahuta

Wengi walirudi, kaka yangu. Hawakuandikisha, lakini walijenga vibanda mashambani, na vibanda vikawa vitongoji. Shamba lisilopaliliwa ndilo ugonjwa unalolipenda, na shamba lililo mbali ndilo lisilopaliliwa.

#17 Fundi Udongo

Ningependa turudi kwenye maji, kwa sababu ndiyo yaliyouanzisha uzi. Waingereza walianzisha mradi wa maji wa Makonde katika miaka ya 1950, wa kusukuma maji kwa mashine kutoka chini hadi vijiji vya juu. Finland ilikuja katika miaka ya 1970 na mpango wa maji vijijini kwa Mtwara na Lindi. Hadi leo vyanzo vya maji vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ndivyo tegemeo. Kila mara tatizo ni lile lile: maji yanapandishwa mamia ya mita, gharama ya nishati ni kubwa, na mashine ikisimama mabomba yanakauka. Ukifuatilia bomba kuu lilikopita, utaona baadhi ya vijiji vilikua haraka kuliko jirani zao, na kwa maoni yangu bomba lina sehemu kubwa kuliko korosho.

#18 Mwana Uwanda

Namshukuru kila aliyechangia. Bado nasimama kwenye hofu kuwa ndiyo iliyoanzisha, na hoja ya Mueda haijaniyumbisha, kwa kuwa wawindaji wa watumwa walipita kusini ya Ruvuma pia. Nakubali lakini kwamba hofu haiwezi kueleza miaka mia moja iliyofuata. Nauliza sasa: je, reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ilituongezea watu?

#19 Mwalimu wa Zamu

Haikutugusa sana. Reli ile ilitoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea kwa upande wa kaskazini, ikauacha uwanda. Mradi wenyewe ulioanza mwaka 1947 ulishindwa katika miaka michache, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki kwa faida yetu ni bandari, ambayo korosho zetu zinapitia.

#20 Kijana wa Nanyamba

Nawaheshimu wakubwa zangu, ila naona mnaisahau barabara. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa wa Mtwara watu 1,270,854, na ya 2022 ikauhesabia 1,634,947. Ongezeko hilo mtu analiona kwa macho kando ya barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, ambayo ina urefu wa kilomita 210. Kila lami inaposogea, wenye maduka, mafundi wa pikipiki na maghala ya ushirika wanasogea nayo, na tangu stakabadhi ghalani, yaani kuuza korosho kupitia ghala, ianze mwaka 2007 kijiji chenye ghala kinavuta watu msimu mzima. Nyumba zinaunganishwa na nyumba, kiasi kwamba sehemu nyingine mgeni hajui kijiji kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

#21 Mzee wa Luagala

Mgeni hajui, mwenyeji anajua. Palipo na miembe mikubwa katikati ya mikorosho, mbali na nyumba, ujue ndipo palipokuwa na kitongoji kabla ya kuhamishwa. Huku kwetu nimeitembelea mingi ya miembe hiyo. Iko karibu na ukingo kuliko kijiji cha sasa, mahali ambapo mtu angeshuka majini na kurudi kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo naona wazee wa upande wetu hawakwenda mbali na maji kwa mwendo wa saa nzima kama simulizi ya Mahuta inavyotaka, wala hawakujificha katikati ya pori kama Mwana Uwanda anavyosema. Walikaa ukingoni kabisa. Wa Mahuta na Kitangari watueleze miembe yao iko wapi.

#22 Binti Mahuta

Shikamoo Mzee. Ya kwetu iko katikati kabisa, mbali na ukingo.